Umeme wa Ziada, Haidrojeni na Nguzo Zetu: Maelezo ya Kamati Ndogo ya Fedha kwenye Mkutano wa Mwaka

 

Tunasimama mbele yenu kwa niaba ya kamati ndogo ya fedha. Wengi mnatujua. Sisi ndio tunaowasomea mapato na matumizi kila mwaka, na mkituona tumeshika karatasi mnaanza kuangalia saa. Leo tunaomba mziache saa kidogo, kwa sababu tuna mambo mawili ya kuwaeleza. La kwanza ni jibu la swali mlilotutuma mwaka jana. La pili ni kosa letu wenyewe, na tumeona ni vizuri mlisikie kutoka kwetu kabla hamjalisikia kwa watu.

Tuanze na swali. Mwaka jana vijana wetu walisimama wakasema hivi: nchi sasa ina umeme wa ziada, na dunia inazungumzia haidrojeni ya kijani, yaani gesi inayotengenezwa kwa maji na umeme safi. Wakauliza, kwa nini Umoja usimtafute mwekezaji aje Mbekenyera, tutoe eneo, watoto wetu wapate ajira na wakulima wapate mbolea? Ukumbi ulipiga makofi. Baadhi ya wazee walitikisa kichwa. Mwenyekiti akasema kamati ya fedha ikatazame, ilete majibu. Tumetazama, tumepiga hesabu, na majibu haya hapa.

Kwanza, haidrojeni yenyewe. Maji ni muungano wa vitu viwili, haidrojeni na oksijeni. Ukipitisha umeme ndani ya maji kwa mtambo maalumu, ambao wataalamu wanauita elektrolaiza, vitu hivyo viwili vinaachana. Oksijeni inatoka upande huu, haidrojeni upande ule. Viwanda vya dunia vinaitumia haidrojeni kutengenezea amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea za naitrojeni kama Urea na CAN. Inatumika pia kusafishia mafuta. Kwa sasa sehemu kubwa ya haidrojeni duniani inatolewa kwenye gesi asilia au makaa ya mawe, na kazi hiyo inatoa moshi mwingi wa kaboni. Ikitengenezwa kwa umeme wa maji, jua au upepo, ndipo inaitwa ya kijani.

Sasa hesabu. Kilo moja ya haidrojeni inahitaji yuniti 50 hadi 55 za umeme, na yuniti hizi ni zile zile mnazonunua kwenye LUKU. Nyumba inayotumia yuniti 75 kwa mwezi ingekaa na yuniti 50 kwa siku 20. Kutengeneza tani moja ya amonia kunahitaji karibu kilo 177 za haidrojeni, na hizo peke yake ni yuniti 8,850 hata tukihesabu kwa ile bei ya chini ya yuniti 50. Kwa upande wa maji, kilo moja ya haidrojeni inakula lita 9, bila kuhesabu yanayopotea katika kuyasafisha. Mtambo mdogo wa megawati moja ukifanya kazi mchana na usiku utatoa kilo 20 kwa saa, na utakunywa lita 4,320 za maji safi kwa siku. Mama zetu wanaopanga ndoo kisimani kiangazi wataielewa hesabu hii haraka kuliko sisi: ni ndoo 216 za lita 20, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Je, umeme wa ziada upo? Upo, na tusidharau kazi iliyofanyika. Kila tunapokwenda nyumbani, basi likishapita Ikwiriri linavuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Maji yale tunayoyaona chini ya daraja yametoka juu, kwenye bwawa la Julius Nyerere, ambako kuna mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kazini Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikuwa tayari. Mtakumbuka kwamba mwaka 2024, wakati wa mvua, ilitangazwa kuwa vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Sisi tuliokua na vibatari hatukutegemea kuisikia habari ya namna hiyo katika maisha yetu. Vijana walipoizungumzia ziada, hawakuwa wanaota.

Lakini tufuate waya. Umeme wa bwawa lile hauendi kusini pamoja na basi letu. Unatoka bwawani kwa njia ya msongo wa kilovolti 400 kwenda Chalinze, kilomita kama 160, na kutoka pale unaingia Gridi ya Taifa. Sisi wa Lindi na Mtwara, kwa miaka mingi, tumeishi nje ya gridi hiyo, tukitegemea mitambo inayoendeshwa kwa gesi kule Mtwara. Njia iliyopangwa kutuunganisha haipiti Rufiji, inazunguka. Gridi ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na kutoka Songea safari yake ni Tunduru, Masasi, hadi kituo cha kupoza umeme cha Mahumbika kule Lindi. Yaani sisi tunaouvuka mto huo kila tunapokwenda kuzika na kuoza, umeme wake utatufikia kwa kupitia Ruvuma. Hatusemi hivyo kwa kulalamika. Ndivyo ramani ya nyaya ilivyo, na mwenye kupanga maendeleo lazima aisome ramani hiyo, asisome ya barabara.

Na waya ukiwa mrefu, umeme unapungua njiani. Machi 2025 serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watu wengi walishangaa: nchi ina ziada, inanunua ya nini? Sababu iliyotolewa ni kwamba umeme unaosafirishwa kutoka huku hadi kaskazini unapotea njiani, na hasara iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Kwa lugha yetu ya uhasibu, mali iliyoko ghalani Rufiji haina bei ile ile ikifika Arusha. Bei ya mali ni pale mnunuzi anapoipokea.

Majirani zetu wamelipa ada ya somo hili, na sisi tunaweza kujifunza bure. Kule Kenya, karibu na Ziwa Turkana, zilisimamishwa pangaboi 365 za upepo zenye jumla ya megawati 310. Kazi ikakamilika mwaka 2017. Laini ya kuutoa umeme huo, zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, ilikuwa haijaisha. Pangaboi zikasimama kwenye upepo bila kuwasha taa hata moja, na laini ikaja kuwashwa Septemba 2018. Mkataba ulisema umeme ukiwa tayari na laini haipo, malipo yanaendelea. Kenya ikaingia gharama ya mabilioni ya shilingi zake kwa umeme ambao haukumfikia mtu.

Na sisi tuna la kwetu, tena la nyumbani kabisa. Wazee mliokuwepo au mliosimuliwa na baba zenu mnaukumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Kule kwetu reli ilijengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili ya karanga hizo. Karanga hazikuja. Mpango ukafungwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza paundi za Uingereza zipatazo milioni 36, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Turkana mzigo ulitangulia njia. Nachingwea njia ilitangulia mzigo. Hasara ni ile ile.

Mtauliza, ziada yenyewe ikifika, kiwanda cha haidrojeni si kitakuwa na faida? Hapa tuwape mfano wa Zimbabwe. Mjini Kwekwe kuna kiwanda cha mbolea cha Sable Chemicals. Kilianza kutengeneza haidrojeni kwa maji na umeme mwaka 1975, wakati bwawa la Kariba lilikuwa na umeme wa kutosha na wa bei ndogo. Kilifanya hivyo kwa miaka 40. Wakati huo hakuna aliyekuwa anasema haidrojeni ya kijani, lakini ndiyo ilikuwa. Mwaka 2015 sehemu hiyo ya kiwanda ilizimwa. Umeme ulikuwa umeadimika na bei yake imepanda, na nchi iliuhitaji kwa majumba na viwanda vingine. Kiwanda kikawa kinaagiza amonia kutoka nje. Kule Aswan nchini Misri nako, kiwanda cha Kima kilichoanza mwaka 1960 kwa umeme wa bwawa hatimaye kilihamia gesi asilia.

Hii ndiyo tabia ya ziada. Leo ipo, kesho imepata wenyewe. Treni ya SGR inakula umeme tangu 2024. Nyaya za kuunganisha nchi na nchi zinavutwa. Vijiji vinaunganishwa, migodi inafunguliwa, pamoja na ya madini ya kinywe hapo hapo wilayani kwetu Ruangwa. Mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalishakaribia megawati 1,900 mwaka 2025. Ziada inayobaki itakuwa ya saa fulani tu, usiku wa manane na majira ya mvua, wala haitakuwa ya siku nzima mwaka mzima.

Na mtambo unaofanya kazi kwa saa za ziada tu una ugonjwa ambao wahasibu tunaujua sana. Tuchukue ule mtambo wetu wa mfano wa megawati moja. Mwaka una saa 8,760. Ukifanya kazi saa zote utatoa kilo 175,200. Ukisubiri ziada ya saa sita kwa siku, utatoa kilo 43,800 tu. Lakini mkopo wa kuununua ni ule ule, mlinzi ni yule yule, uzio ni ule ule, na uchakavu wa mwaka hauulizi umezalisha au umelala. Kila kilo inabeba mzigo wa gharama hizo mara nne. Umeme unaweza kuwa wa bure na bado kilo ikawa ghali.

Kabla ya elektrolaiza yenyewe, kuna vya kujengwa. Kwanza njia ya msongo mkubwa na kituo cha kupoza umeme. Halafu transfoma ya kushusha nguvu. Halafu mtambo wa kugeuza umeme, kwa sababu umeme wa gridi ni wa kwenda na kurudi, na elektrolaiza inataka umeme wa upande mmoja kama wa betri. Kisha vifaa vya kusafisha maji, kompresa, matenki, na mfumo mzima wa kuzamisha umeme ardhini, maana haidrojeni ni nyepesi mno, inavuja penye tundu dogo, na moto wake mchana hauonekani vizuri kwa macho. Vyote hivi vinahitaji mafundi waliosomea, wanaoishi karibu, wenye kuamka usiku kengele ikilia.

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana ni hili. Wazo lenu si la kipuuzi. Kule Naivasha, kwenye shamba la Morendat, kipo kiwanda kidogo kinachotumia umeme wa jua kutengeneza kiasi cha tani moja ya amonia kwa siku, na mbolea inatumika hapo hapo shambani. Kimefaulu kuanza kwa sababu ni kidogo, umeme wake uko hapo hapo, na mtumiaji yuko hapo hapo. Sisi bado hatuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Zao letu kubwa ni korosho, na mkorosho tunaupulizia salfa. Mbolea ya naitrojeni tunaihitaji kwenye mahindi, lakini kwa kiasi ambacho hakiwezi kubeba kiwanda. Tusichangishane kumtafuta mwekezaji wa haidrojeni. Mtu akija kutuomba eneo la ardhi ya kijiji kwa kazi hiyo, tumuulize maswali matatu kwa maandishi: umeme unatoka kituo gani na kwa saa ngapi kwa siku, maji yanatoka wapi kiangazi, na mnunuzi ni nani. Akishindwa kujibu, tumkaribishe chai, tumsindikize.

Ndugu zetu, tungeweza kuishia hapo, mkapiga makofi, tukakaa. Lakini tulipokuwa tunaziandika hesabu hizi za Turkana na Kwekwe, tulijiona sisi wenyewe ndani yake. Hili ndilo jambo la pili.

Mnakumbuka miaka miwili iliyopita mlichanga fedha za mashine ya kukamua mafuta ya ufuta kwa ajili ya kikundi cha akina mama pale nyumbani. Zilipatikana, tukanunua mashine kwa shilingi milioni 6 na laki 4, tukaisafirisha, tukapiga nayo picha. Mwaka jana kwenye ukumbi huu huu tuliwasomea: "Mashine ya kukamua mafuta, imenunuliwa, kazi imekamilika." Mkapiga makofi. Karatasi ile ina saini zetu.

Baada ya mkutano ule, mama yetu mmoja, mtu mzima aliyekuja na basi kutoka nyumbani, alitufuata nje. Hakupandisha sauti. Alituuliza, "Wanangu, hiyo mashine mliyoisoma kwenye daftari, inakamua wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulipokwenda kuiona, tuliikuta imefunikwa turubai chini ya veranda. Mota yake ni ya umeme wa njia tatu, ule ambao mafundi wanauita fezi tatu. Waya uliofika pale ni wa fezi moja, unaotosha taa, redio na jokofu. Njia ya fezi tatu inapita mbali kidogo. Tungeuliza swali moja tu kwa fundi yeyote kabla ya kununua, tungejua. Hatukuuliza. Wa lawama si muuza mashine, kwani alituuzia tulichoomba, wala si watu wa umeme, kwani hawakuwa na ombi letu mezani. Tulitazama bei, tukatazama risiti, tukasahau waya.

Mpaka leo imelala miezi 14. Tumeifanyia hesabu kama tulivyoifanyia elektrolaiza. Mashine ya milioni 6 na laki 4, kwa maisha ya miaka minane, inachakaa shilingi laki 8 kwa mwaka. Kwa miezi 14 ni shilingi 933,333. Hizo ni fedha zenu, zimeliwa na kutu na panya, na hazikuacha hata chupa moja ya mafuta. Msimu mzima wa ufuta umepita hapo, na akina mama wameuza mbegu ghafi mnadani kama zamani. Kwenye mizania tuliendelea kuiandika kuwa ni mali.

Mwaka huu tumeisahihisha. Mtaiona kwenye ukurasa wa hesabu imeshushwa thamani, na maelezo yake chini yameandikwa kwa Kiswahili cha kawaida. Tunawaomba radhi, hasa akina mama wa kikundi. Kama mkutano utaona wengine washike kalamu hii baada yetu, tutaikabidhi pamoja na vitabu vyote, bila kinyongo.

Lakini kwa kuwa bado tumesimama hapa, tunaleta mapendekezo. Tunaomba michango ya mwaka huu isinunue mashine mpya yoyote. Iende kwenye vitu vitatu ambavyo havipendezi kwenye picha.

Cha kwanza ni kuifikisha njia ya fezi tatu na transfoma ya kutosha pale ilipo mashine, ili siku za mbele ufundi wa kuchomelea, useremala na pampu ya maji navyo vipate nafasi. Utaratibu tutakaoufuata ni huu: ombi la maandishi kwa TANESCO, mpimaji afike, tupate makadirio ya gharama kwenye karatasi, kisha ndipo fedha itoke benki. Hatutawatajia leo kiasi ambacho hatuna karatasi yake. Makadirio yakija tutayatuma kwa kila mwanachama, na nakala itabandikwa ofisi ya kijiji.

Cha pili ni wayaring ya jengo, ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, pamoja na waya wa kuzamisha umeme ardhini. Mota kubwa kwenye jengo lenye wayaring ya kuungaunga ni hatari kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Cha tatu ni watu. Tunapendekeza kila mwaka Umoja uwalipie ada vijana wawili wa Mbekenyera, wa kike na wa kiume, wasomee umeme VETA. Wawe ni vijana walioko nyumbani, waliomaliza kidato cha nne wakakosa pa kwenda. Nguzo zikifika na hakuna wa kuzihudumia, tutakuwa tunampigia fundi simu Lindi kila fyuzi ikikatika. Na kama siku moja mtambo wowote mkubwa utakuja wilayani kwetu, uwe wa kinywe, wa gesi au wa hiyo haidrojeni, watakaoajiriwa kwa kazi ya maana ni wenye vyeti. Wengine watakata nyasi za uzio.

Hapa ndipo wazo la vijana wetu linapopata mlango. Hatuwezi kuleta bwawa, wala kuvuta msongo wa kilovolti 220 kutoka Songea; hiyo ni kazi ya serikali, na tuidai kwa wawakilishi wetu kwa adabu na bila kuchoka. Kazi yetu ni ile sehemu ya mwisho, kutoka nguzo ya mwisho hadi kwenye mota. Umeme wa nchi nzima unaweza kuzidi hadi ukazimwa, na mama yetu akaendelea kuuza ufuta ghafi, kwa sababu ya sehemu hiyo fupi isiyo na mwenyewe. Tukiijenga, ziada ya taifa inakuwa mali yetu kwa njia ya mafuta, unga na maji. Tusipoijenga, tutaendelea kuisikia kwenye taarifa ya habari.

Kiwango tunachopendekeza ni shilingi elfu hamsini kwa mwanachama mwenye kipato, na elfu kumi kwa vijana wanaoanza maisha. Aliye nyumbani anayesubiri mnada wa korosho aandikishe ahadi, alipe msimu ukifunguka. Mwenye zaidi asijizuie, na mwenye pungufu asione haya. Kila shilingi itapata stakabadhi, na kila stakabadhi itasomwa.

Mwisho, taarifa ya mwaka kesho itakuwa na safu moja mpya. Zamani tuliandika kitu, bei na tarehe ya kununuliwa. Sasa tutaongeza: "Inafanya kazi tangu lini." Kama safu hiyo haina tarehe, kitu hicho hakitasomwa kuwa kimekamilika, hata kama kina risiti na picha nzuri. Na tunapendekeza safu hiyo ijazwe na kikundi cha akina mama wenyewe, kwa mwandiko wao, huko huko nyumbani, kabla vitabu havijafika kwetu Dar es Salaam.

Yule mama aliyetuuliza yuko nasi leo, amekaa safu ya tatu. Mama, shikamoo. Swali lako tumelibeba mwaka mzima. Mwakani tunataka tukujibu kwa chupa ya mafuta.